Saumu ya Felista

Wageni walikuja kutoka nchi thelathini na kitu, na kila aliyefika alivishwa fulana ya buluu yenye msalaba mgongoni. Wiki nzima Mji Mkongwe ukawa hauna uchochoro usio na fulana hizo. Ukienda Forodhani zipo, ukipita Darajani kununua ndimu unazikuta zinapigana picha na mafenesi. Ulikuwa mkutano wa umoja wa wanafunzi wa Kikristo wa dunia nzima, na safari hii zamu iliiangukia Unguja. Wenyeji wao walikuwa kikundi cha wanafunzi wa chuo, wachache hata ukiwapanga kwenye benchi mbili wanaenea, na kiongozi wao alikuwa msichana wa Kikwajuni aitwaye Felista Makungu.

Felista alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Kiingereza alikuwa nacho, Kiswahili ndio usiseme, na mdomo wa kutafsiri alijaliwa. Ndiye aliyekuwa mkalimani wa kila kitu, kuanzia mahubiri mpaka bei ya vikoi. Walipopelekwa Mangapwani kuliona lile shimo walimokuwa wakifichwa watumwa, ni yeye aliyesimama kwenye ngazi akigeuza maneno ya mtembezaji, na watu walilia mpaka wakaazimana leso. Mkurugenzi wao, mama mmoja mrefu wa Ulaya mwenye sauti ya chini, alimkumbatia palepale akamwambia kwamba dunia ina mengi ya kujifunza kutoka kwenu. Felista alitabasamu. Sifa tamu, nani asiyezipenda?

Na alikuwa na haja yake. Umoja ule ulikuwa unatafuta mratibu wa kanda, kijana mmoja wa kukaa ofisini Nairobi na kuzunguka nchi zote hizi za jirani, na nafasi hiyo ingetolewa siku ya mwisho ya mkutano. Felista aliitaka kwa roho yake yote. Alikuwa anamaliza chuo, na waliomaliza mwaka uliotangulia aliwaona kila siku barazani, wana shahada zao na simu zao, wanangoja kuitwa na mtu asiyeita. Mwenye kauli juu ya nafasi hiyo alikuwa Katibu wa maandalizi, kijana wa bara wa miaka thelathini na kitu, ambaye aliacha kuwa mwanafunzi zamani lakini uanafunzi haukumwacha. Wote walimwita Kaka Katibu. Wiki nzima Kaka Katibu alikuwa akimwambia Felista, "Wewe tunakutazama," na Felista kila akitazamwa hunyoosha mgongo.

Siku ya mwisho, desturi ya mkutano ni kwamba wenyeji huwalisha wageni chakula cha mchana cha kwao. Felista hakupoteza muda kufikiri nani atapika. Siku chache kabla alitoka mkutanoni, akaenda moja kwa moja Kikwajuni kwa Bi Mwanakhamis.

Huyu Bi Mwanakhamis lazima mumjue, maana pasipo yeye hakuna hadithi. Alikuwa mpishi wa maharusi, mwanamke wa makamo, mnene, magoti mabovu, mkono wake ukigusa mchele, mchele unatii. Nyumba yake na ya akina Felista zilishikana ukuta. Felista alipozaliwa mama yake aliugua, akalazwa hospitali muda mrefu, na baba yake, kibarua wa shamba la viungo Kizimbani, alibaki na kichanga mikononi hajui akishike wapi. Bi Mwanakhamis alikuwa amejifungua Khairat wiki hiyohiyo. Akamchukua mtoto wa jirani, akampa titi la kushoto, Khairat akashika la kulia, na mambo yakaisha. Kwa sheria ya dini ya Bi Mwanakhamis, Felista akawa mwanawe wa kunyonya, dada wa wanawe wa kiume, hawawezi kumuoa hata wakitaka. Baba Makungu alipofariki na mama mtu akarudi bara kwa ndugu zake, hakuna aliyeuliza Felista atakula wapi. Na Jumapili akichelewa kuamka, ni Bi Mwanakhamis aliyemgongea ukuta. "We mwana, kengele ishalia. Mungu wako anakungoja na wewe umelala."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekuja mbio, nani kafa?"

Felista akamweleza. Bi Mwanakhamis aliuliza wangapi. Felista akasema kama mia na hamsini.

"Hao si watu, hizo arusi mbili," akasema Bi Mwanakhamis, na tayari alikuwa anafunga kanga vizuri kiunoni. "Basi hii shughuli ya mwanangu. Wageni wako wageni wangu. Ntawapikia pilau wakirudi kwao wawasimulie mama zao."

Na alipika, jamani. Aliwaita wenzake wa jikoni, akina Mize na Riyama, wakashona kanga sare kwa ajili ya siku hiyo. Mbuzi walichinjwa alfajiri na Mmanga, kaka yake Bi Mwanakhamis, kwa sababu mbuzi wa akina Felista siku zote huchinjwa na Mmanga, Krismasi, Pasaka, kipaimara, siku yoyote ile. Kikwajuni Mkristo akiwa na shughuli humwita Muislamu achinje, ili majirani wote wale kwa raha, na huyo Mkristo mwenyewe anakula vilevile. Huko ni kuishi na watu, na Felista hakuwahi kukuona ni jambo la kuzungumzwa. Masufuria yalibebwa mpaka uani kwenye lile jumba la zamani la Vuga ulikofanyika mkutano, kuni zikawashwa, na kufika saa sita mchana harufu ilikuwa imepanda ngazi zote mpaka ukumbini juu. Mwalimu wa Biblia alikuwa anafundisha peke yake, wanafunzi wake wamo chini kwa pua.

Saa saba, kabla ya kuteremka kula, Felista alishika kipaza sauti kuwakaribisha. Alikuwa amevaa kanga ya sare aliyopewa na Bi Mwanakhamis, amejitanda begani, na alijaa furaha. Akawaambia kwa Kiingereza kwamba chakula wanachokwenda kula kimepikwa na mama yake aliyemnyonyesha. Tena, maskini, akaongeza. Akasema mbuzi wamechinjwa na mjomba wake Mmanga, Muislamu, kama ifanyikavyo hapa sikukuu zao na sikukuu zetu, ili wote waweze kula sinia moja. Alidhani amewapa zawadi. Na wengi waliipokea hivyo, wakapiga makofi, binti mmoja wa Brazil akasimama kabisa.

Kaka Katibu hakupiga makofi. Alimwinamia Mkurugenzi sikioni, akasema naye muda mrefu, kisha akamwita Felista kwenye chumba kidogo cha pembeni, watatu tu.

"Dada Felista," akaanza, na wala hakuwa na ukali. "Hao mbuzi, wamechinjwa kwa jina la nani?"

"La Mungu, Kaka."

"Mungu yupi?"

Felista tangu azaliwe alikuwa hajaulizwa swali hilo. Mtaani kwao watu huulizana umelala salama, umekula, mama yako hajambo. Hakuna anayeuliza Mungu yupi.

"Mimi kwetu niliona kwa macho yangu," Katibu akasema. "Mambo haya haya ya nani achinje. Mchungaji aliyenibatiza alipasuliwa kichwa mbele ya bucha. Nilimshika mimi, damu yake ikaingia kwenye viatu vyangu. Kwa hiyo usinione mtu wa vituko. Wewe umezaliwa humu, umezoea, na aliyezoea haoni. Mimi nyama hiyo sili, na wapo wenzangu wasioila."

Hapo mtu anaweza kumwonea huruma, na Felista alimwonea. Lakini hebu niambieni: huyo aliyepasua kichwa cha mchungaji ndiye Mmanga? Ndiye Bi Mwanakhamis na magoti yake? Na kuku waliokuwa wakiliwa hotelini wiki nzima, Kaka Katibu akilamba na vidole, walichinjwa na nani humu Unguja, na padri? Felista aliliwaza hilo palepale. Lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akaliona pia litakalofuata, kwamba Katibu ataaibika mbele ya Mkurugenzi, na aliyeaibishwa hagawi nafasi. Akalimeza.

Mkurugenzi alitia neno lake kwa ile sauti ya chini. Alisema yeye binafsi angekula bila taabu, ila dhamiri za watu ni kitu kitakatifu, na hataki siku ya mwisho watu wagawanyike, hawa wakila na hawa wakitazama. Afadhali wote waagiziwe kitu kingine, wale pamoja kwa umoja. Hoteli fulani ya Shangani ingeleta mara moja. "Wapishi utawaeleza wewe, mpenzi," akamwambia Felista. "Unawajua. Waeleze kwa upole."

"Mratibu wa kanda," akasema Katibu akimfungulia mlango, "atakutana na mambo mazito kuliko haya. Lazima ajue kusimama."

Basi Felista akateremka ngazi. Zilikuwa ngazi nyingi, za mbao, na kila moja alikuwa akitafuta maneno. Maneno ambayo wiki nzima yalikuwa yakimtoka kama maji ya bomba, siku hiyo hakulipata hata moja. Uani wanawake walikuwa wamejipanga na masinia, kanga zao sare, nyuso zinang'aa kwa moto. Bi Mwanakhamis alikuwa ameshika mwiko, amefunua sufuria la kwanza.

"Tupakue?"

"Mama," Felista akasema. "Mama, wamefunga."

"Wamefunga nini?"

"Saumu. Maombi ya siku ya mwisho. Mkurugenzi kawatangazia sasa hivi, hata mimi sikuwa na habari."

Uongo huo haukupangwa, ulimtoka tu kwa woga. Lakini angetafuta mwaka mzima asingepata uongo ambao Bi Mwanakhamis angeuamini upesi kuliko huo. Uso wa mama yule ulichanua. Akaweka mwiko chini.

"Mashallah. Vijana wote wale? Na jua lote hili, na wengine wametoka kwenye baridi?" Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Na sisi tunaambiwa watoto wa siku hizi hawana dini." Kisha kwa Felista, akimshika shavu kwa mkono wenye harufu ya bizari, "Na wewe pia?"

"Na mimi."

"Ndiyo maana uso umesawijika. Wanafungua lini?"

Felista hakuwa amefika huko. "Magharibi," akasema.

"Basi hakijaharibika kitu."

Kuanzia hapo mambo yakamtoka mikononi. Bi Mwanakhamis aliamrisha makaa yapunguzwe, masufuria yafunikwe, na juu ya mifuniko zitandazwe shuka zilizoloweshwa maji, ili harufu isiwapande watoto wa watu juu wakapata tabu na saumu yao. Alisema pilau peke yake haifuturishi, lazima uwepo uji, zipatikane na tambi. Akamwita Khairat, binti yake, pacha wa Felista wa maziwa, akamwambia akimbie Darajani alete tende, na asikubali kupewa zile kavu. Mize, ambaye tangu alfajiri alikuwa hajatia kitu mdomoni, akanyoosha mkono achote ukoko. Bi Mwanakhamis akamzuia.

"Mwenye shughuli kafunga, wewe ule mbele yake? Subiri, tutakula nao."

Mize akarudisha mkono. Wote wakakaa kwenye mikeka kivulini, wanawake wenye njaa, wamezungukwa na chakula walichokipika wenyewe, wanangoja jua lizame kwa heshima ya wageni. Felista aliwatazama. Angeweza kusema hapo. Palikuwa na nafasi ya kusema, tena kubwa. Akasema anakwenda juu kwenye maombi.

Khairat alirudi na mfuko wa tende akawakuta mlangoni vijana wa hoteli wameshusha maboksi kutoka kwenye gari, wanauliza ngazi iko wapi. Akawauliza mnampelekea nani. Wakamwambia hao wa fulana za buluu, kuku na chipsi, wameagiza watu wote. Khairat alikuwa msichana mpole, akadhani wamekosea nyumba, akapanda nao awasaidie kuuliza. Akaufikia mlango wa ukumbi. Akaona maboksi yanafunguliwa, watu wanakula, wanacheka, wanapeana chupa ya tomato. Felista alikuwa meza ya mbele, kati ya Mkurugenzi na Katibu, boksi lake mbele yake bado limefungwa. Macho yao yakakutana. Khairat akateremka.

Uani alisema maneno mawili tu. "Mama, wanakula."

"Nani?"

"Wote."

Bi Mwanakhamis alizitazama zile shuka mbichi juu ya masufuria. Riyama akaanza kusema kwa hasira, akaambiwa nyamaza. Kisha Bi Mwanakhamis akainuka, akaosha mikono, akachukua sahani moja nzuri, akaifuta kwa ncha ya kanga. Akafunua sufuria, akapakua pilau, akachagua kipande cha nyama laini cha paja, akatia na kachumbari pembeni. Akapanda ngazi. Kwa magoti yale alizipanda moja moja, akishikilia ukuta, na sahani haikuinama.

Alipita katikati ya meza, akitoa salamu kwa kichwa kwa hawa na hawa, mpaka mbele ya Felista. Akaweka sahani mezani, kando ya lile boksi.

"Khairat kanambia wenzako washafungua," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kila siku. "Nikasema mwanangu atafungua na nini. Kula, mama."

Hakuna aliyemwambia Felista aseme nini. Mkurugenzi alikuwa akitabasamu kwa adabu, haelewi neno. Katibu alielewa kila neno, naye aliacha kutafuna, akamtazama Felista, kule kumtazama kwake kwa wiki nzima. Mbele yake palikuwa na sahani ya mwanamke aliyemlisha kwa mwili wake kabla hajajua chakula ni nini. Angetia tonge moja mdomoni, moja tu, habari ingekwisha. Felista alijua hivyo. Alijua pia ni nini kingeondoka.

"Mama," akasema, macho yake mezani. "Mimi bado nimefunga."

Bi Mwanakhamis alimtazama. Alimtazama muda wa kutosha, ili kama kulikuwa na neno jengine lipate nafasi ya kutoka. Halikutoka.

"Mungu akutakabalie," akasema, akaichukua sahani yake.

Alipofika mlangoni Mkurugenzi alimuuliza Felista, mama yule amesema nini. Mkalimani ni mkalimani.

"Anatuombea," Felista akajibu.

"Jinsi watu wenu walivyo wema," akasema Mkurugenzi.

Chakula hakikuoza, msihofu. Bi Mwanakhamis aliwafungulia mtaa milango ya uani. Walikula wachukuzi, walikula watoto wa chuoni waliokuwa wanatoka kusoma Kurani, alikula hata mlinzi wa jumba lenyewe, ambaye ni Mkristo wa Mbeya, akaomba na cha kupeleka nyumbani. Na hili ndilo linalokata maini: wale wageni nao waliteremka. Yule binti wa Brazil alifuata harufu, akaja na kijana mmoja wa India, wakaketi mkekani na fulana zao za buluu, wakala kwa mkono, wakaongezwa. Kaka Katibu aliwaona wakinawa bombani akawapita. Hakuna aliyewaita chumba cha pembeni, hakuna aliyewauliza Mungu yupi. Felista aliyaona yote hayo kutoka dirishani, tumbo linamuuma kwa njaa.

Jioni jina lake lilitangazwa. Makofi yakapigwa, akaitwa jukwaani, akawekewa mikono kichwani na kuombewa kwa lugha nyingi. Baadaye Kaka Katibu alimpa mkono kwa furaha ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo linalochosha, hakuna hata mmoja wa kumchukia vizuri.

"Nilitaka kukwambia tangu asubuhi, nikazuiwa," akasema. "Tuliamua jana jioni. Hapakuwa na mpinzani."

"Jana?"

"Jana. Kule kutafsiri kwako Mangapwani ndiko kulikomaliza kazi. Leo hata ungevunja sahani zote ungekuwa mratibu."

Akacheka, na Felista akacheka naye, kwa sababu alikuwa ameshazoea kutoa sauti inayotakiwa.

Alirudi Kikwajuni, akaenda kupiga hodi nyumba ya pili. Alikuwa amejiandaa kulia na alilia kweli. Alieleza kila kitu, chumba cha pembeni, mchungaji aliyepasuliwa kichwa, nafasi, woga wake. Bi Mwanakhamis alikuwa anachambua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kanga afute machozi.

"Ungenambia tu, mama," akasema. "Ungenambia hawataki, ningefunika vyombo vyangu nikaenda zangu. Kukataliwa si mara ya kwanza. Lakini umenikalisha pale na wenzangu tukawafungia watu walioshiba."

"Nisamehe, mama."

"Nshasamehe. Dini ni dini, kila mtu na yake."

Felista alingojea atukanwe. Angetukanwa angepona. Ila Bi Mwanakhamis aliendelea kuchambua mchele, akamuuliza safari lini, akamwambia Nairobi kuna baridi achukue sweta. Kila jambo alilolisema lilikuwa jema, na kila moja lilisemwa kwa heshima, heshima ile ambayo mtu humpa mke wa bosi. Tangu siku hiyo alimwita Bi Felista.

Kabla ya kusafiri kulikuwa na arusi ya Khairat. Felista aliamka alfajiri, akavaa nguo mbovu ya jikoni, akafunga kanga kichwani, akaingia kwa mlango wa uani kama alivyoingia maisha yake yote. Vitunguu vilikuwa vimeanza kumenywa. Akachukua kisu, akavuta kibao cha mbuzi akae. Mazungumzo yakakatika. Mize akamtazama Riyama, na Riyama, kwa upole mkubwa kabisa, akakichukua kile kisu mkononi mwake.

"La, Bi Felista. Wewe mgeni. Utachafuka na vitunguu. Karibu ndani ukae kitini."

"Riyama, mimi na nyinyi?"

"Karibu ndani," Riyama akarudia.

Akapelekwa ukumbini, akakalishwa kwenye kochi la wageni, feni ikageuzwa upande wake. Nje alisikia vicheko vya jikoni vikianza upya. Wanaume wa nyumba, ndugu zake wa kunyonya, walipita wakamwamkia kwa mbali kwa adabu. Mchana ulipofika masinia yalipita mlangoni, moja baada ya jengine, kila moja na watu wake wanne, watano, wanasogeleana kupisha mikono. Hakuna aliyesema Felista njoo hapa. Akainuka nusu, akakaa tena.

Kisha Bi Mwanakhamis akaja mwenyewe. Siku ya arusi ya mwanawe, na shughuli zote zile, alikuja mwenyewe na trei ndogo iliyotandikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Juu yake palikuwa na soda, kifuniko chake hakijaguswa, na pakiti ya biskuti bado imo kwenye nailoni yake.

"Tumekutafutia hivi, vya dukani," akasema. "Havina mkono wa mtu. Tusije tukakutia kwenye tabu na dini yako."

Hakukuwa na kejeli usoni mwake. Felista aliitafuta ile kejeli, aliitamani, apate cha kushika, akakuta mama mtu mzima aliyechoka ambaye kweli alikuwa amefikiri mgeni huyu ale nini. Akampokea trei kwa mikono miwili. Akasema ahsante. Bi Mwanakhamis akarudi kwa watu wake.

Felista alikaa peke yake kwenye kochi, harufu ya pilau imejaa nyumba nzima. Akachana nailoni. Akazila zile biskuti zote, moja moja, maana angeziacha wangesema amekataa chakula chao.